Majira Manne, Nguzo Nne

Miti, siku ya posho, 8 Juni 2024

Kazi imeingia. Mwenye ile nyumba mpya ya kando ya barabara ya Kavumu amerudi likizo kutoka Bruxelles, akapita karakanani asubuhi na simu mkononi. Picha nne: wanawake wanne weupe wa mawe ndani ya bustani ya mtu. Mmoja kashika kikapu cha maua, mmoja mganda wa ngano, mmoja kishada cha zabibu, wa mwisho kajitanda shuka.

"Fundi, haya ni majira ya mwaka. Kule Bulaya yanauzwa kwa seti. Kuyapandisha ndege haiwezekani. Lakini nimeona nguzo zako za baraza pale Murhesa, nikajua mtu wangu ni wewe."

Nikamwuliza kwa nini wanne. Nilidhani atanieleza habari za Ulaya na theluji. Akanijibu bila kuinua macho: "Kwani nguzo si nne, Papa? Mbili za mlango mkubwa, mbili za baraza."

Ameacha nusu ya pesa na mifuko miwili ya simenti. Kimo: sentimita 90 kila moja, mbali na kitako. Nimekubali kabla ya kufikiri. Ndivyo ninavyofanya mwezi wa sita, gharama za kufungulia shule zikiwa zimeshaanza kunichoma toka mbali.

Siku ya kwanza, 10 Juni

Usiku sikulala vizuri. Mikono ilikuwa inafinyanga gizani. Nimekumbuka miaka yangu ya Kinshasa, pale Académie des Beaux-Arts, shule iliyoanzishwa na bruda Mbelgiji mwaka 1943 kule Gombe-Matadi kabla ya kuhamishiwa mjini. Mwalimu wetu wa historia ya sanaa alikuwa na msemo mmoja: sanamu ya pambo isome mkono kwanza, uso baadaye. Uso wa majira yote manne ni ule ule, mzuri na usio na habari. Habari iko mkononi. Maua ni machipuo. Ngano na mundu ni joto la mavuno. Zabibu ni wakati wa kukamua divai. Makaa ya moto ni baridi.

Warumi waliyachonga hivyo hata kwenye majeneza yao ya mawe, vijana wanne wamesimama na mazao, kumwambia marehemu kwamba mwaka unakwenda na kurudi. Mwaka 1593 Mwitaliano Cesare Ripa akachapisha kitabu kizima cha alama za namna hiyo, kamusi ya nani ashike nini. Wachongaji wakakifungua kama sisi tunavyofungua kitabu cha sala. Karne ya 18 ilipokuja na homa yake ya kurudia Ugiriki na Roma, kila tajiri alitaka majira manne bustanini, juu ya mlango, kando ya bomba la maji.

Na hapo ndipo alipotokea mwanamke ninayemheshimu kuliko wachongaji wote wa mfalme: Eleanor Coade wa London. Toka 1769 alikuwa na kiwanda pale Lambeth, akitoa mapambo kwa kalibu, kwa udongo maalumu uliochomwa hadi ukawa mgumu kama jiwe. Kalibu moja ilizaa sanamu nyingi. Badilisha anachoshika mkononi, umepata mungu mwingine. Nani anasema kazi yangu ya simenti ni kazi ya ovyo? Ina bibi yake.

Mpango basi: mwili mmoja, kalibu moja, mikono minne tofauti. Plasta ya Bukavu ni ghali. Nikitengeneza kalibu moja tu, faida inabaki.

Siku ya posho, 15 Juni

Udongo wa mfinyanzi umetoka bondeni, mweusi, mtamu mkononi. Mwili umesimama: uzito kwenye mguu wa kuume, goti la kushoto limelegea, nyonga imepanda kidogo, bega limeshuka kujibu nyonga. Wagiriki walilijua hilo kabla ya wote. Mtu akisimama hivyo, hata jiwe linaonekana linapumua. Vazi nimelikunja mikunjo mirefu, kama mifereji, kwa sababu mikunjo mirefu hutoka vizuri kwenye kalibu na maji ya mvua huteremka bila kulala.

Mpwa wangu anayenisaidia hajawahi kuona zabibu mtini. Wala mimi, tangu Kinshasa. Tumenakili kishada kutoka kwenye boksi la juisi aliloliokota sokoni. Ngano nimeifanya kwa kichwa, lakini masuke yamenitoka manene, yanataka kuwa mtama. Nimeyaacha.

Siku ya yenga, 23 Juni

Baada ya misa nimeshuka Lwiro kwa miguu. Napenda kuyatazama yale majengo makubwa, bustani zake na matao, kazi ya enzi za IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947 na ambayo leo ni CRSN. Mafundi waliojenga pale hawakukimbilia kumaliza. Kila kona inakwambia mtu alisimama akaitazama.

Nimekaa ukutani nikafanya hesabu. Wataalamu wa Lwiro wanahesabu majira mawili: mvua, miezi tisa, toka mwezi wa tisa hadi wa tano, na ukame, miezi mitatu, wa sita, wa saba, wa nane. Mama watoto na wenzake wa ushirika wa kilimo wanahesabu matatu. Msimu A unapandwa mwezi wa tisa, mvua zikirudi. Msimu B unapandwa mwezi wa pili. Msimu C ni wa mabonde ya maji, kiangazi hiki hiki, pale ambapo udongo wa mlimani umekuwa vumbi lakini bondeni bado unashika jembe. Na marehemu baba alihesabu kwa namna yake: mwaka wa kwetu Bushi haufunguliwi na Januari, unafunguliwa na Mubande, sherehe ya mbegu, mwami akiwa mbele ya watu wake.

Mbili, tatu, na mwenye nyumba anataka nne.

Lakini nikakumbuka jambo. Wagiriki wa kale, wenye asili ya mchezo wote huu, nao walianza na tatu. Mabinti wa majira, waliowaita Horai, kwa mshairi Hesiodo ni watatu, na majina yao hayana maua wala theluji: Utaratibu Mwema, Haki, Amani. Wanne wamekuja baadaye. Nadhani nawajua walikotoka. Chumba kina pembe nne. Bustani iliyokatwa na njia mbili ina viwanja vinne. Pale Versailles, njia zinapokutana, kuna mabwawa manne, moja kwa kila majira: Flora, Ceres, Bakusi, Saturno. Mwaka ulipoingia ndani ya nyumba ya mtu, ukapimwa kwa ukuta. Mwenye nyumba wangu hajasoma Hesiodo, lakini amesema ukweli wa ufundi kuliko mwalimu wangu: nguzo si nne?

Siku ya yenga, 30 Juni

Siku ya uhuru. Mwenye nyumba ameniita kwa chupa mbili na mishikaki. Tumeongea habari za Tervuren, lile jumba la makumbusho la Kongo nje ya Bruxelles, jumba la safu na kuba lililofunguliwa 1910. Anasema aliwapeleka watoto wake. Chini ya kuba kuna sanamu za Arsène Matton zinazong'aa dhahabu: Ubelgiji ikileta ustaarabu Kongo, Ubelgiji ikileta usalama Kongo. "Mwanangu wa kike aliuliza, mbona sisi ni wadogo?"

Mwaka 2018, makumbusho yalipofunguliwa upya baada ya kukarabatiwa, waliweka katikati yao kichwa kikubwa cha mbao cha Aimé Mpane, mwana wa Kinshasa. Jina lake ni pumzi mpya, au Kongo inayochipua. Kuchipua! Kumbe hata yeye ametumia neno la majira. Lakini hakumpa mtu kikapu cha maua. Kawapa kichwa.

Nikarudi nyumbani nikiwatazama wanawake wangu kwa jicho jingine. Ni pambo, ndiyo. Lakini mtu aliyepewa kusimama badala ya kitu kikubwa, nchi au majira, lazima umwulize anasimama vipi, na nani anamtazama toka chini.

Siku ya pili, 2 Julai

Tatu zimetoka kalibuni. Niandike namna, nisisahau: kalibu ipakwe maji ya sabuni na mafuta kidogo. Tabaka la kwanza simenti nzito, kipimo kimoja kwa viwili vya mchanga mwembamba uliochekechwa mara mbili, lipakwe kwa brashi ili lisiache matundu ya hewa puani. Kisha nondo za milimita 6, mbili miguuni na moja mgongoni, na waya. Kisha ndio ujaze. Siku tatu ndani. Siku saba chini ya magunia yaliyoloweshwa.

Siku saba ndizo shida. Upepo wa kiangazi unashuka kutoka Kahuzi umekauka kama karatasi, unanyonya maji ya simenti kabla haijashikana. Ngano imepata ufa kwenye mkono wa mganda. Nimewafunika wote kwa majani ya migomba juu ya magunia, na mpwa wangu anamwagia maji mara nne kwa siku. Mama watoto amepita na ndoo kichwani, akasimama: "Wanawake wako wanakunywa kuliko watoto wangu." Sikuwa na jibu. Kesho nitachota mimi.

Siku ya pili, 9 Julai

Wa nne amenishinda.

Nimemtoa kalibuni sawa na wenzake, nikamtanda shuka ya simenti mabegani kama kwenye picha. Anaonekana mke wa tajiri anayetoka kuoga. Anatabasamu, goti limelegea, nyonga imepanda. Baridi gani hiyo?

Nikawaza wakubwa walifanyaje. Girardon, kule Versailles, aliweka mzee mwenye ndevu na chetezo cha makaa miguuni. Mdenmarki Thorvaldsen mwaka 1836 alichonga duara nne zilizounganisha majira na umri wa binadamu, na kwenye baridi akaweka wazee wawili ndani ya nyumba, mmoja akiota moto. Ni njia nzuri: onyesha moto, mtazamaji atajaza baridi mwenyewe.

Kisha nikamkumbuka Houdon. Mwaka 1783, marumaru, leo iko Montpellier. Hakuna mzee, hakuna makaa. Msichana kajifunika kichwa na mabega kwa shali, na chini amebaki uchi kabisa. Mikono imebana shali kifuani, magoti yamegandana, mgongo umejikunja. Kando yake chombo cha maji kimepasuka kwa barafu. Kichekesho kipo, maana shali hiyo haisaidii kitu. Lakini mwili hausemi uongo. Mwalimu alituonyesha picha yake, darasa zima la Kinshasa likacheka, halafu mmoja wetu, kijana wa Butembo, akasema: huyo anasikia baridi kweli. Kijana yule alikuwa ametoka mlimani. Waliocheka walikuwa wa mtoni.

Basi nimeelewa kosa langu. Mama Coade anaweza kubadilisha mikono kwa machipuo, kwa joto, kwa zabibu, kwa sababu hao watatu wote wamebeba kitu kilichotoka shambani. Baridi haibebwi. Baridi inambeba mtu. Haitoki kwenye kalibu ya mwingine.

Siku ya ine, 11 Julai, saa kumi na moja alfajiri

Nimeamka kwa makusudi nikakaa kwenye njia panda, pale barabara ya Walikale inapoiacha ile ya Goma. Ukungu. Kahuzi haionekani hata kivuli. Watu wa pwani, na hata wa Uvira, hawaamini nikiwaambia kwamba sisi baridi yetu iko kiangazi. Mvua ikikoma, mawingu ya usiku huondoka, na mlima wa mita 3,308 hutupulizia bila pazia.

Wakapita akina mama wa msimu C, majembe begani, wakishukia bondeni. Nikachora bila taa. Kikwembe cha pili kimepanda kichwani, kimeshuka mabegani, kimebanwa kidevuni kwa ngumi moja. Mkono mwingine umeingia kwapani. Jembe halishikwi, limelala kwenye pingili ya mkono, limebanwa na kiwiko, kwa sababu mpini asubuhi ni baridi kuliko hewa. Bega la mzigo limeshuka, na kichwa kimeinamia bega la pili. Hatua fupi. Hakuna hata mmoja aliyesimama na goti limelegea.

Mmoja akanitambua. "Fundi, umefukuzwa nyumbani?" Wote wakacheka, moshi ukitoka vinywani.

Siku ya tatu, 24 Julai

Udongo mpya, mwili mpya. Kalibu ya kwanza ilikuwa vipande viwili, mbele na nyuma, kama ganda la karanga. Hii imetaka vipande vinane, kwa sababu mkono ulioingia kwapani na kikwembe kilichokunjamana vinaficha mashimo, na plasta ikiingia shimoni haitoki bila kuvunja. Faida yangu imekwenda kwenye plasta. Mama watoto ameuliza hesabu, nimemwonyesha sanamu ya udongo. Ameizunguka mara mbili. Akainyoosha ngumi ya kidevuni kidogo, kwa kidole chake, akaondoka. Alikuwa sahihi, ngumi ilikuwa imekaa mno kama ya kusali.

Siku ya kwanza, 12 Agosti

Mwenye nyumba amekuja kutazama. Watatu amewapenda. Kwa wa nne amekaa kimya kirefu.

"Huyu si wa kwenye picha."

Nikamwambia wa kwenye picha hasikii baridi.

"Lakini huyu amevaa kikwembe."

"Ndiyo, Papa. Ni baridi ya hapa."

Akasema kwamba hapa hakuna hiver. Nikamwuliza, toka amefika mwezi wa sita amelala na blanketi ngapi? Akacheka, akanyoosha vidole vitatu.

Kisha ikaja habari ya majina. Anataka yaandikwe kwenye vitako: PRINTEMPS, ÉTÉ, AUTOMNE, HIVER. Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye kamusi. Kiswahili hiki tunachosema kimetoka pwani, na pwani nao wana manne, wameyahesabu kwa pepo na mvua: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Watu wa vitabu wameyachukua majina hayo wakawavika Wazungu: vuli ikawa autumn yao, kipupwe kikawa hiver. Lakini kipupwe cha pwani kiko Juni mpaka Agosti, ukavu na baridi. Yaani kiko hapa, sasa hivi, njia panda ya Miti saa kumi na moja alfajiri. Neno limesafiri kutoka Bahari ya Hindi likafika likiwa zima, na hapa hatulitumii.

Tumepatana hivi: watatu wa kwanza Kifaransa, kama alivyotaka. Wa nne kitako kibaki bure. "Nitafikiri," amesema. Hakutaka kuandika HIVER chini ya kikwembe, na hakutaka KIPUPWE karibu na ÉTÉ. Nadhani alikuwa na haki mara zote mbili.

Siku ya posho, 14 Septemba

Tumewapandisha leo. Machipuo na joto kwenye mlango mkubwa, zabibu na wa nne kwenye baraza. Nilitaka wa nne awe mlangoni, mwenye nyumba hakukubali; yeye amesharudi Bruxelles, lakini mdogo wake anayesimamia kazi amefuata karatasi.

Mvua ya kwanza nzuri imetukuta juu ya ngazi. Nimefurahi kuona maji yanashuka kwenye mifereji ya vazi kama nilivyopanga. Kwenye kikwembe cha wa nne yanakwenda yanakotaka, yanakusanyika kwenye kiwiko, yanadondoka kwenye jembe. Huko kutaota ukungu wa kijani kabla ya Noeli.

Watoto wa jirani wamewapa watatu majina ya waimbaji. Baadaye bibi mmoja mwenye kikapu cha mbegu ameingia kujikinga mvua barazani. Amewapita wa mlangoni bila kuwatazama, kama watu wanavyopita mapambo. Kwa wa nne amesimama. Amemwangalia miguu, kisha jembe, kisha akageuka kwangu:

"Huyu naye, anaenda wapi mapema hivi?"

Nimemwambia, bondeni, Mama.

"Bondeni kumekwisha. Mwambie mvua imerudi, apande mlima."

Sehemu ya mwisho ya pesa bado. Mdogo mtu anasema mwisho wa mwezi. Kalibu ya vipande viwili nimeitundika ukutani, itazaa tena. Ile ya vipande vinane imepasuka viwili nilipoifungua mara ya kwanza, sitairekebisha. Kesho na kesho kutwa karakana imefungwa. Msimu A umeingia, na mama watoto amesema maharagwe hayangoji simenti ikauke.